Udongo wa Alhamisi Jioni

Mutindi alipozima injini, nyuki ndio waliomkaribisha. Mizinga ya magogo ilikuwa imening'inia kwenye migunga pande zote za boma, na mvumo wake ulikuwa wa sauti moja isiyopanda wala kushuka, hata ukisimama kidogo ukadhani unatoka ndani ya kichwa chako mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi, na jua la Kitui lilikuwa limekwisha kufuta vivuli vyote isipokuwa vile vya chini ya miti. Alikuwa ameendesha gari tangu Wote bila kusimama.

"Wewe ndiye polisi wa viwavi?"

Sauti ilitoka nyuma ya ghala. Mwenye sauti akafuata: mama wa miaka sitini hivi, leso kichwani, mkononi kopo linalofuka moshi.

"Ndimi, mwaitu. Inspekta Mutindi. Daktari Kagure alikupigia simu."

"Alinipigia. Nikafikiri nimesikia vibaya." Mama Nthiwa akacheka. "Miaka yote hii watu wanakuja kwangu kutaka asali. Wewe ndiye wa kwanza kuja kutaka adui yangu."

Alimpeleka hadi kwenye mzinga uliolazwa chini, mzinga ambao nyuki wake walihama tangu mwezi wa pili, akaufunua. Ndani, masega ya zamani yalikuwa yamefumwa kwa nyuzi nyeupe, na katikati ya nyuzi hizo viwavi wa nondo wa nta walikuwa wakitambaa polepole, wanene, rangi ya maziwa, wakila.

"Unataka wangapi?"

"Sitini. Wazima, wasiwe na jeraha."

"Na huko polisi watafanya kazi gani?"

Mutindi alilitafutia swali hilo jibu fupi. "Wataniambia mtu alikanyaga wapi, na siku gani."

Nthiwa aliliweka kopo la moshi chini. Kisha akachuchumaa, akaanza kuwaokota mmoja mmoja kwa ncha za vidole na kuwatia ndani ya mkebe uliotobolewa matundu kifunikoni, akihesabu kwa Kikamba. Alikuwa na upole wa ajabu kwa mtu anayeshika adui zake.

Siku iliyotangulia, Ijumaa saa moja asubuhi, wachuuzi waliokuwa wakienda soko la Mukuyuni waliona pikipiki imelala chini ya korongo kando ya barabara. Kando ya pikipiki ulilala mwili wa Kitheka, msimamizi wa shamba la mizabibu la Mwalimu Mwangangi huko Kilungu. Kila mtu alisema ni ile kona, ni giza, ni ajali. Mutindi naye angesema hivyo, kama si mambo mawili. La kwanza aliambiwa na Kathini, mke wa marehemu: waya wa klachi ya ile pikipiki ulikatika Jumatano, na Kitheka alikuwa hajapata mwingine, kwa hivyo aliiacha shambani. La pili aliliona mwenyewe alipochuchumaa kando ya mwili. Pindo za suruali zilijaa udongo mweusi wenye unyevu. Korongoni hapakuwa na udongo mweusi. Palikuwa na changarawe na vumbi, na mvua ilikuwa haijagusa Mukuyuni kwa wiki tano.

Kufikia saa tano ya Ijumaa hiyo alikuwa amelifunga shamba la mizabibu na kuweka askari langoni. Kufikia jioni alikuwa amechukua viatu vya watu wawili. Wa kwanza alikuwa Kimeu, jirani aliyepakana na shamba hilo, ambaye mwezi mzima alikuwa akimtishia Kitheka mbele za watu. Yeye alitoa ndara zake za mpira wa gari huku akitukana. Wa pili alikuwa Mwalimu Mwangangi mwenyewe. Mwalimu alikuwa amerudi saa sita za mchana kutoka Kitui, alikokwenda kumzika mjomba wake, na gambuti zake zilikuwa nyuma ya kiti cha pikapu, zimeviringishwa ndani ya gunia. Alizitoa bila kusita.

"Nilizivaa pale kaburini," alisema. "Palikuwa karibu na mto. Matope."

"Sitini," akasema Nthiwa, akafunika mkebe. "Ukimaliza nao usinirudishie."

*

Kaburi lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwa Nthiwa, na kweli lilikuwa karibu na mto, mto wa mchanga usio na maji ya kuonekana. Mashada ya maua ya karatasi yalikuwa yameanza kupauka. Mutindi alichimba kando ya kaburi kwa kijiko hadi mchanga ulipogeuka rangi kwa unyevu, akajaza mfuko mmoja wa khaki, akaandika tarehe.

Binti mmoja wa familia alisimama karibu akimtazama, mikono imefumbatwa.

"Mwalimu Mwangangi alilala hapa siku gani?"

"Jumatano na Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikunywa chai hapa na sisi, akaondoka."

"Alhamisi jioni wewe mwenyewe ulimwona?"

Binti alifikiri. "Tulizika saa nane. Baadaye watu walikuwa wengi sana, afande. Wengine wanakula, wengine wanalala kwa magari. Nani angejua nani yuko?"

"Lakini asubuhi alikuwepo."

"Asubuhi alikuwepo. Hakula kitu. Tulisema ni huzuni."

Alirudi Wote mkebe ukiwa kwenye kiti cha abiria, ameufunga mkanda. Alipozima redio aliwasikia: mkwaruzo mdogo, miguu mingi juu ya bati. Barabara mbele yake ilimetameta kwa joto, vilima vikaelea juu ya mng'aro huo bila kugusa ardhi, na kwa mwendo mrefu ilionekana haendi popote, vilima ndivyo vinavyomjia.

*

Maabara ya Daktari Kagure ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la saruji na mabati hapo Wote. Alikuwa mwenyeji wa Nyeri, mwembamba, mwenye miwani, na miaka sita aliyokaa Ukambani ilikuwa imempa ngozi ya jua na subira ya kueleza jambo lile lile mara mia. Jokofu lake halikuwa na chakula. Lilikuwa na vipande vya sponji vilivyolowa, na katika kila sponji, mamilioni ya minyoo wasioonekana kwa jicho.

"Nieleze tena," Mutindi akasema. "Kama unamweleza hakimu."

"Mizabibu ya Mwalimu ilikuwa inakufa kutoka chini. Mabuu, wale funza weupe wa mbawakawa, wanakula mizizi. Ukinyunyiza dawa juu ya majani huwafikii. Sasa minyoo hawa kazi yao ni moja: wanamtafuta buu ndani ya udongo, wanamwingia. Ndani ya matumbo yao wamebeba bakteria. Hao bakteria ndio wanaoua. Siku mbili, buu amekwisha. Mtu hawamgusi, ng'ombe hawamgusi, nyuki hawamgusi. Mzizi pia hawaugusi."

"Na kiwavi wa nondo?"

"Kiwavi wa nondo wanampenda kuliko wote. Ukitaka kujua kama udongo una minyoo hawa, weka kiwavi ndani. Kama wapo, watampata." Akavua miwani, akaifuta. "Na hawa wangu wana alama. Anayekufa kwao anageuka mwekundu, rangi ya tofali. Kabla ya kuwamwaga nilipima udongo wa Kilungu mara ishirini. Sikupata hata kiwavi mmoja mwekundu."

"Kwa hivyo wako shamba moja tu."

"Mistari kumi ya shamba moja. Na hata huko, tangu Alhamisi jioni tu. Nilimpa Kitheka sponji saa kumi, nikamwambia asubiri jua lishuke, kwa sababu jua likiwagusa wanakufa. Alianza saa kumi na mbili." Akamwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa wa saa moja kasoro dakika kumi: *Mstari wa kumi umeisha daktari. Udongo umelowa maji.*

Kagure hakuirudisha simu mfukoni mara moja.

Walifanya kazi hadi alasiri. Mchanga wa dukani ulichemshwa kuua chochote kilichomo, ukapozwa, ukagawanywa kwenye mikebe sita. Mutindi ndiye aliyetia udongo ndani ya kila mkebe kwa mkono wake na kuubandika herufi. Orodha ya herufi hizo aliiandika kwenye daftari lake na kulifunga, asimwonyeshe mtu, hata Kagure. Kulikuwa na udongo wa korongo la Mukuyuni, wa suruali ya Kitheka, wa ndara za Kimeu, wa gambuti za Mwalimu, wa kaburi la Kitui, na wa shamba lenyewe. Nusu ya kila sampuli ilibaki ndani ya bahasha zenye muhuri kwa ajili ya wakaguzi wa Nairobi. Kisha viwavi kumi kwa kila mkebe, na mikebe ikaingizwa stoo isiyo na dirisha.

"Mahakamani hawatasikiliza viwavi," Kagure alionya.

"Mahakamani nitapeleka bahasha. Hawa ni wa kunionyesha njia tu."

*

Jumatatu asubuhi Konstebo Mulinge alikuwa wa kwanza kufungua stoo, akatoka akiwa na haraka usoni. Mulinge alikuwa mtu wa Kilungu, baba wa watoto watatu, askari mzuri aliyependa mambo yaishe.

"Afande, mkebe C. Saba kati ya kumi wamekufa."

Mutindi alifungua daftari, akaangalia bila kumwonyesha. C zilikuwa ndara za Kimeu. Katika mikebe mingine wachache walikuwa wamelegea, lakini ilikuwa mapema kusema.

"Ni nani, afande? Ni Kimeu, sivyo?"

"Mlete tuzungumze naye. Usimfunge pingu."

Kimeu alikuja amevaa koti la kanisani, kifungo cha juu kimefungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Ulimwambia Kitheka utamvunja miguu," Mutindi alisema. "Watu wanne wamesikia."

"Nilisema. Sitakataa nilichosema." Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye nyufa, na hakujua pa kuiweka. "Lakini nielewe. Mtu anakuja na minyoo kwa chupa anataka kumwaga juu ya kilima, na mimi niko chini. Maji yakiteremka yanakuja kwangu. Watoto wangu wanakunywa hapo. Mbuzi wangu wanakunywa hapo. Ningenyamaza?"

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa ndizi zangu, kwa chemchemi. Halafu maombi kwa nyumba ya mchungaji, saa moja na nusu hadi saa tatu. Uliza mtu yeyote."

"Shambani mwa Mwalimu uliingia lini mara ya mwisho?"

"Tangu mama amefariki sijaingia. Mama Mbinya, mke wa Mwalimu. Yeye alikuwa ananiita nikule zabibu." Akatazama chini. "Kitheka alikuja kwangu hiyo Alhamisi, kabla jua halijashuka. Hakuja kwa ubaya. Alileta glasi ya maji ya hao minyoo, akasema, mzee, angalia, halafu akayanywa mbele yangu. Yote. Akafuta mdomo. Nikamwambia wewe ni mwenda wazimu. Tukacheka sisi wawili." Akafungua kifungo cha juu cha koti. "Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimwona."

Mulinge alimfuata Mutindi hadi nje. "Afande, viwavi wamekufa! Si ulisema wakifa ni yeye?"

"Nilisema wakiwa wekundu."

Mulinge hakuwa ameangalia rangi.

Saa tisa simu ilipigwa kutoka chumba cha maiti. Daktari aliyefanya uchunguzi alizungumza taratibu, sentensi fupi fupi. Fuvu lilipasuka nyuma, pigo moja, kitu kipana na kigumu, huenda jiwe. Hakuna majeraha ya mtu aliyeanguka na pikipiki. Kisha akasema jambo la mwisho, na Mutindi akamwomba alirudie, akaliandika kwenye ukurasa wake peke yake. Hakumwambia Mulinge.

*

Jumanne saa sita za mchana waliingia stoo watatu: Kagure, Mutindi na Mulinge. Kagure alifunga mlango, akaziba ufa wa chini kwa gunia, akazima taa.

"Sasa tunangoja dakika kumi," sauti yake ilisema gizani. "Macho yasahau jua."

Walikaa juu ya mifuko ya saruji iliyopasuka ya mwenye duka. Nje, mjini Wote, mchana ulikuwa ukiendelea na shughuli zake. Honi, mtu akibishana juu ya misumari, mwingine akiimba. Ndani hapakuwa na kitu. Mutindi alihisi giza likimkaa usoni kama kitambaa kilicholoweshwa. Alisikia pumzi ya Mulinge, na mahali fulani kiwavi mmoja aliyekuwa bado hai akikwaruza bati. Muda ulikatika vipande vipande. Mara alidhani amelala, mara alidhani yuko tena chini ya migunga ya Nthiwa.

Kisha akaona, au akadhani ameona. Kitu kisicho na umbo kilikuwa kikipumua mwanga mbele yake. Alipokitazama moja kwa moja kilitoweka. Alipogeuza jicho pembeni kilirudi. Rangi yake ilikuwa kati ya kijani na buluu, hafifu mno.

"Wanang'aa," Mulinge alinong'ona.

"Ni bakteria," Kagure akasema. "Ndio wanaowatia wekundu, na ndio wanaowasha hiyo taa. Inadumu siku moja, mbili, inazimika. Usiniulize kwa nini. Hakuna anayejua kwa hakika."

Mikebe mitatu ilikuwa na mwanga. Mitatu haikuwa nao. Mutindi aliigusa ile yenye mwanga, mmoja mmoja, akaisogeza upande wa kulia wa rafu.

"Washa taa."

Taa iliwauma macho. Katika mikebe ya kulia viwavi walikuwa wamelala wekundu, rangi ya tofali lililochomwa vizuri. Katika mkebe C walikuwa wamekufa lakini wamekuwa kahawia, rangi ya chai ya jana. Katika miwili iliyobaki walikuwa hai, wamefuma nyuzi zao hadi kifunikoni.

"Hao wa C wameuawa na minyoo wa kienyeji," Kagure alisema, akiinama. "Wako huku tangu zamani, wanapenda mahali penye maji, kama chemchemi. Si wangu."

Mutindi akafungua daftari na kulilaza juu ya rafu, wote wakasoma. Waliokuwa hai: korongo, na kaburi la Kitui. Wa kahawia: Kimeu. Wekundu: shamba la mizabibu, suruali ya Kitheka, na gambuti za Mwalimu Mwangangi.

Mulinge alivua kofia. "Alinifundisha darasa la saba," akasema. "Alinifundisha kusoma vizuri."

"Chukua kalamu na fomu za maelezo," Mutindi akamwambia. "Twende Kilungu."

*

Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeshuka hadi nusu ya kilima. Shamba lilipanda kwa matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe, na mizabibu ilitokea katika ukungu mstari kwa mstari, mikono yake imefungwa kwenye nyaya, kisha ikapotea tena. Mwalimu Mwangangi aliitwa langoni. Alikuja na fimbo na sweta ya kijivu, mtu mrefu aliyeanza kupinda mabega, na alisalimu kila askari kwa jina.

"Mulinge. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Mwalimu."

Walipanda pamoja polepole. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani. Sauti zao zilikuwa za chini, kama watu walio kanisani kabla ibada haijaanza.

"Mstari huu wa kwanza aliupanda Mbinya kwa mikono yake," Mwalimu alisema. "Kanisa lilikuwa likinunua maji ya zabibu ya chupa, ya dukani, kwa Meza ya Bwana. Akasema, kwa nini tusilime yetu? Watu walimcheka. Mwaka wa tatu tukapeleka ndoo nne." Akaligusa shina moja. "Sasa linakufa."

"Mwalimu, mara ya mwisho kufika hapa ilikuwa lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Nilishakuambia. Jumatano nilienda Kitui."

"Jumanne ulivaa gambuti?"

Mwalimu alifikiri kidogo tu. "Ndiyo. Na kaburini pia. Kwa hivyo ukipata udongo wa hapa juu yake, ni wa Jumanne."

"Tumeupata udongo wa hapa."

"Basi."

"Una minyoo ndani yake, Mwalimu. Wazima. Jumanne minyoo hao walikuwa ndani ya jokofu Wote. Walitoka humo Alhamisi saa kumi. Waliingia udongoni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na Ijumaa asubuhi nikaweka askari langoni. Mtu aliyewabeba kwa kiatu alikanyaga hapa katikati ya saa hizo. Hakuna saa nyingine."

Mwalimu alisimama. Ukungu ulipita katikati yao, na kwa muda uso wake haukuonekana vizuri. Ulipopita alikuwa ameketi juu ya ukuta wa mawe, fimbo kati ya magoti.

"Kabla hujasema lolote," Mutindi akasema, "sikulazimishi useme. Ukisema, Konstebo ataandika, na linaweza kusomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mulinge alifungua karatasi juu ya ubao mdogo. Mwalimu alianza kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma.

"Pale mazishini nilikutana na jamaa anauza dawa za shamba. Nikamweleza habari ya minyoo. Akanicheka. Akasema, Mwalimu, wewe msomi, umekubali kumwagiwa minyoo? Itamaliza hata mizizi iliyobaki. Akanipa mtungi wa dawa, akasema usiku mmoja tu na mabuu yote yamekwisha. Maneno hayo yaliniingia. Tulipomaliza kuzika nikachukua pikapu. Nilisema nitarudi kabla hawajanitafuta."

"Ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa moja, kasoro au na dakika. Kitheka alikuwa anaosha keni ya kumwagilia. Alifurahi kuniona. Nikamwambia shika mtungi huu, tumwage. Akausoma. Akasema, Mwalimu, hii inaua kila kitu, itaua na hawa nimewatia sasa hivi. Nikasema shamba ni langu. Akasimama mbele ya mstari wa Mbinya, akatandaza mikono, hivi." Mwalimu alitandaza mikono yake, akaitazama, akaishusha. "Akaniambia, mama angekataa. Hilo ndilo alilosema. Mama angekataa. Nikamsukuma. Si kwa nguvu. Mawe yalikuwa na maji. Alirudi nyuma hatua mbili na hatua ya tatu haikuwa na kitu."

Alionyesha kwa fimbo. Chini ya ukuta palikuwa na mita tatu za hewa, kisha mawe.

"Nilishuka. Nilimwita. Hakujibu. Nikasema amekufa. Nikaona magazeti, nikaona kanisa, nikaona watoto wote niliofundisha. Nilimweka nyuma ya pikapu, na pikipiki yake nikaipandisha kando yake kwa ubao, nikafunika turubai. Pale konani nikavishusha vyote. Mtungi niliutupa Kitui."

Mutindi alisubiri kalamu ya Mulinge imfikie. Kisha akafungua daftari kwenye ule ukurasa ulioandikwa jambo moja.

"Mwalimu, daktari anasema Kitheka hakufa hapa. Aliishi saa tano baada ya kuanguka. Labda sita."

Mahali fulani chini, kwa Kimeu, mbuzi alilia, na ukungu ukafanya sauti hiyo itoke kila upande.

"Ulijua?"

Mwalimu alikuwa akitazama mikono yake.

"Ulijua, Mwalimu?"

"Alikohoa," akasema.

"Wapi?"

"Njiani. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka kwenda Mukuyuni. Nilimsikia nyuma yangu. Mara moja. Halafu mara ya pili."

"Ukafanya nini?"

"Kulikuwa na kwaya kwa redio." Vidole vyake vikazungusha kitufe kisichokuwepo. "Nikaongeza sauti."

Kalamu ya Mulinge ilikuwa imesimama.

"Andika," Mutindi akamwambia kwa upole. "Kama alivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Mulinge aliandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko ukurasa wote uliotangulia. Alipomaliza alisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, akikwama mara mbili, kisha akampa Mwalimu karatasi na kalamu na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari kwa miaka thelathini. Karibu na mwisho kidole kilisimama.

"Umeandika *alikooa*," akasema. "Umeruka herufi."

"Samahani, Mwalimu."

Mzee aliinamisha kalamu, akaichomeka herufi hiyo juu ya mstari, mahali pake, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Kisha akalisoma neno lote upya bila kutoa sauti, na mkono wake ukakaa hapo hapo juu ya karatasi. Mutindi alilazimika kuutoa yeye mwenyewe, taratibu, na kuupeleka chini hadi kwenye sahihi.